Uhamisho wa Kukhu

Jumanne, 14 Oktoba

Simu kutoka Busia, alfajiri. Mama yangu mzazi amefariki usingizini. Mazishi Jumamosi. Nakhisa, mke wangu, alilia. Mimi nilitafuta kalamu.

Miaka kumi na tisa nimewaandikia watu barua rasmi kwenye baraza ya duka, Old Kampala, na sijapata kukosa maneno. Leo nimechana rasimu nne. Mhusika ni binti yetu Nabangala, miaka minane, ambaye alimpenda bibi yake, Kukhu, kuliko anavyonipenda mimi.

Nakhisa alisema nimwambie tu. Nilimweleza kwamba jambo zito halitamkwi bila utangulizi. Akanipa hadi Ijumaa, maana Jumamosi mtoto ataliona jeneza kwa macho yake. Kisha akaenda kulala. Siku hizi analala sana, na samaki wa soko la Ggaba hataki hata harufu yake.

Jumatano, 15 Oktoba

Jirani yetu Alanyo, askari polisi, alinishauri bila kuombwa. "Mzee, mtoto iko na macho. Ambia yeye tu, Kukhu amekufa." Upatanisho wa ngeli wa mama huyu hunitia simanzi ya pekee.

Hata hivyo, kazi yake ndiyo iliyonipa wazo. Mwezi uliopita askari mwenzake alihamishiwa Arua, mbali kaskazini, na watoto wa ua mzima waliipokea habari hiyo bila chozi.

Baada ya chai nilimkabidhi Nabangala barua, kwa Kiswahili sanifu nilichomfundisha mwenyewe. MINTARAFU: UHAMISHO WA KUKHU. Nilimfahamisha kwamba bibi yake, kwa kutambua utumishi wake mrefu na uliotukuka, amehamishiwa kituo cha mbali kuanzia tarehe iliyotajwa hapo juu. Aliisoma mara mbili. Akauliza kama kituo hicho kina simu. Nilimjibu kwamba swali lake limepokelewa.

Hakulia. Mafanikio kamili. Nilimsalimu Alanyo kwa upole wa mshindi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nabangala amekata rufaa.

Karatasi ya daftari la hesabu, pambizo zimenyooka. Nakala kwa: Mama, Padri, Afande Alanyo, Mwenyekiti wa Mtaa. Mwenyekiti ameigonga muhuri. Mimi huungoja muhuri huo wiki mbili. Yeye aliupata akielekea shuleni.

Hoja zake: kwamba Kukhu ana magoti mabovu, hivyo hafai kupelekwa mbali, kwamba hakuna aliyemwuliza, na kwamba mwezi wa nane alisahau miwani yake kwetu, kwa hiyo hawezi kuwa ameisoma barua ya uhamisho. "Iwapo ombi hili litakataliwa, naomba kuruhusiwa kumpelekea miwani mimi mwenyewe."

Rufaa safi. Nilisahihisha koma moja. Kisha nilikaa bafuni muda mrefu kuliko koma moja inavyostahili.

Alanyo alinisubiri mlangoni, nakala yake mkononi. "Sasa mimi napeleka hii wapi, Mzee? Kwa Mungu?" Sikuwa na anwani.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nakhisa akifunga mizigo, Nabangala alitoka amevaa viatu vya kanisani, miwani imefungwa kwenye leso. Aliuliza kama uamuzi umetoka.

Nilisimama. Nilianza: kwa heshima na taadhima. Sauti ikaishia hapo.

Nakhisa alipiga magoti mbele yake akamwambia kwamba Kukhu amekufa, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi, kwamba harudi, na kwamba miwani tutamzika nayo, mtoto akipenda. Dakika moja, bila utangulizi wowote. Mtoto alilia hadi Alanyo akatoka nje, akasimama tu, akarudi ndani.

Kisha Nabangala akaja kwangu. Aliuliza kwa nini niliandika uongo kwenye karatasi nzuri. Nilisema niliogopa. Akauliza kama Kukhu alikuwa mama yangu kweli. Nilisema ndiyo. Akafungua ile leso, akaiweka miwani mezani, akanipangusa uso.

Jumanne, 21 Oktoba

Tumerudi nyumbani, Ntinda. Miwani Nabangala aliiweka jenezani mwenyewe, kwa mikono miwili. Safari nzima ya kurudi alinilalia begani.

Nimelipitia suala zima bila upendeleo. Kasoro nimeiona: barua yangu haikutamka kwamba uamuzi ni wa mwisho.

Nakhisa anasema mtoto ameanza kuuliza kwa nini tumbo la mama yake linakua, na kwamba safari hii atamwambia yeye mwenyewe, wakila. Nimeomba saa moja tu. Rasimu iko tayari. MINTARAFU: AJIRA MPYA KATIKA IDARA YETU. Aya ya mwisho, kwa herufi kubwa: HAKUNA RUFAA.

Nabangala amesimama nyuma yangu, ameisoma yote juu ya bega langu. Anauliza nafasi hiyo ilitangazwa wapi, na waombaji wengine walikuwa akina nani.

Nimemjibu kwamba swali lake limepokelewa.