Laptop ya Shamsa

Jamani, leo nimefedheheka, na sikufedheheka peke yangu, nimemburura na mama yangu. Naandika haraka haraka kabla ndugu yangu Nasir hajaanza kuhadithia kwa namna yake.

Leo saa tisa mchana nilikuwa na mtihani wa kazi. Kazi ya masjala hospitalini, ile nnayoililia tangu nilipoacha kazi nikae nilee watoto, na huu mwaka wa saba. Mtihani unafanywa kwa mtandao, kwenye kompyuta. Simu hawaitaki, wameandika kabisa. Basi Jumatano nikenda Ruwi, hapa Muscat, nikanunua laptop iliyotumika. Muuzaji kaiwasha, ikatokea picha ya msichana kashika cheti, anacheka. Nikaona alhamdulillah, inawaka. Nikaitia mkobani. (Ndiyo. Sikugusa hata kitufe kimoja. Na mimi ndiye nnayetaka kuajiriwa nifanye kazi ya kompyuta.)

Asubuhi ya leo naifungua nijizoeze. Yule msichana anacheka vilevile, chini yake jina, Shamsa, na chini ya jina: weka neno la siri. Nikajaribu Shamsa. Nikajaribu moja mbili tatu nne. Nikajaribu Bismillahi. Wapi! Nikampigia muuzaji. "Madam, fundi kasafiri, njoo kesho." Mtihani leo, kesho nije nifanye nini?

(Najua mtasema, si ungeazima. Ya mume wangu iko naye Suhar, kaenda nayo kikazi, na gari pia. Ya Nasir ni ya ofisini, wameifunga haifungui kitu.)

Nikaigeuza juu chini. Kuna kikaratasi kimebandikwa, kama vile tunavyowabandikia watoto wa skuli: Shamsa, na nambari ya simu. Nikapiga. Akapokea mama mtu mzima. Nikaanza kwa Kiarabu, mara nikamsikia anamgombeza mtu huko nyuma, "Zima jiko, maziwa yanafurika!" Kumbe wetu, Mswahili. Nikahamia Kiswahili.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kila siku tunatumiwa maonyo, ati mtu akikupigia akikuuliza neno la siri huyo tapeli, kata simu. Nikaogopa atanikatia. Nikamwambia hivi, nnayaandika kama nilivyoyasema nisije nikasingiziwa:

"Samahani mama, mie nnakaa Sib. Nna jambo linamhusu binti yako Shamsa. Si la kuzungumza kwenye simu. Ukituruhusu, tutakuja nyumbani leo, mimi na mama yangu."

Sauti yake ikawa laini.

"Karibuni mwanangu, nyumba yenu hii. Njooni saa tano."

Nikajisifu moyoni. Nikasema mie kwa adabu sijambo.

Mama akasema hatuendi kwa watu mikono mitupu, na isitoshe tunakwenda kuomba. Tukapita sokoni tukanunua halwa, bakuli lile kubwa. Akachukua na udi wake mzuri. Dereva wetu Nasir. Nasir ana miaka thelathini na mbili, hana mke, na leo jioni ana harusi ya rafiki yake, kwa hiyo kavaa dishidasha mpya, kofia imekaa sawasawa kichwani, na manukato kajimwagia mpaka tukashusha vioo vya gari.

Nyinyi mshaona. Mimi sikuona.

Tulipofika kwao Bawshar mlango ulifunguliwa kabla hatujagonga. Sebuleni kina mama wanne, wamevaa wakavalika, Mama Shamsa na dada zake. Baba mwenye nyumba akamshika Nasir mkono akamchukua majlis kwa wanaume. Nikasema mashallah, watu wakarimu hawa. Tukafukizwa udi. Zikaja tende, zikaja sambusa, kikaja kila kitu. Kila nnapofungua mdomo niseme nilichojia, natiliwa sahani. Ikafika saa sita.

Mama Shamsa akaniuliza, "Na huyu kijana, anafanya kazi gani?"

"Nasir? Mhandisi."

"Anasali msikitini?"

"Anasali."

"Sigara je, anavuta?"

Nikaanza kujiuliza sigara za Nasir zinamhusu nini. Hapo mlango wa ndani ukafunguka, akaingia yule msichana wa kwenye laptop. Kajitanda mtandio, kabeba dele la kahawa, macho chini.

Yarabi! Wanadhani tumekuja kuposa!

Nikamgeukia Mama aniokoe. Mama yangu, ambaye mwaka wa nne huu anamtafutia Nasir mke Muscat nzima, alikuwa keshafahamu zamani. Anamtazama msichana kuanzia kichwani mpaka vidoleni, anatabasamu. Nikamnong'oneza, "Mama, waambie." Akanifinya paja.

"Nyamaza wewe. Mzuri huyu."

Saa sita na nusu. Nikinyamaza, Nasir kapata mke na mie nimekosa kazi. Miaka saba, jamani! Nikafungua mkoba, nikaitoa laptop, nikaiweka pale mkekani baina ya halwa na sambusa.

"Samahanini sana," nikasema. "Mimi nimekuja kwa hii. Nnaomba neno la siri."

Mama mmoja alikuwa na sambusa mdomoni, akaacha kutafuna. Mama Shamsa akaitazama laptop, akanitazama mimi, akautazama udi unavyofuka.

"Kompyuta?"

"Kompyuta."

"Nimewatoa dada zangu majumbani kwao, mume wangu nimemzuia asende Nizwa, kwa ajili ya kompyuta?"

Mama alijifunika uso kwa buibui lake akasogea kando, kama kwamba kaja na watu wengine. Nilitamani nilie, na wallahi ningelia kama si haraka.

Alonitoa aibuni ni Shamsa mwenyewe. Kaweka dele chini, kacheka mpaka machozi yakamtoka, akaja kukaa ubavuni mwangu. Akaivuta laptop, na alipoinama kuandika akaniuliza polepole:

"Na yule alokuja na nyinyi?"

"Ndugu yangu."

"Kaoa?"

"Hajaoa."

Akaandika. Ikafunguka. Tukaaga, na sijui hata niliaga kwa maneno gani. Nasir akatoka majlis kashikwa mkono na baba mtu, wote wawili wanacheka. Tulipokuwa njiani nikamweleza kisa kizima. Hakucheka.

"Basi ndiyo maana mzee kaniuliza kama niko tayari kumuoa binti yake."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambieje? Mtu mzima, nyumbani kwake, na nshakula sambusa zake sita. Nimemwambia niko tayari."

Mama alikuwa keshamtumia dada yake ujumbe.

Saa tisa kamili nilikuwa nimeketi, na mtihani nimeufanya mpaka swali la mwisho. Majibu yangu yanatoka wiki ijayo. Ya Nasir yatatangulia, Mama Shamsa kapiga simu sasa hivi, wanaomba siku tatu wamuulizie kwa watu, kisha watupe jibu. Kwa hiyo tafadhalini msinicheke, subirini kwanza mualikwe.