Mgongo wa Meneja na Mstari Mwekundu

Jumatatu, 4 Agosti

Gillian anakuja Jumapili! Alinipigia jana kutoka Rongai. Binti yangu wa pekee, ana kazi, ana mume, ana chumba ambacho amekwisha kukipaka rangi kwa ajili yangu. Anasema mzee wa miaka sitini na miwili haishi Ukunda peke yake na mbwa. Akija akaniona sina mtu, tunaondoka wote Jumapili hiyo hiyo. Rongai! Kwenye baridi ile! Na Meneja haendi, maana ghorofani kwao mbwa hawaruhusiwi.

Nikamwambia mimi si mpweke hata chembe. Kila jioni nakunywa chai na rafiki yangu Bi Concepta, muuguzi mstaafu wa Msambweni, mjane, mtu wa heshima zake. Gillian akafurahi sana. Akasema Jumapili atapenda kumwamkia.

Sikusema uongo mtupu. Bi Concepta yupo. Chai ipo, kwenye chupa yake ya bluu. Mimi nipo. Ila sote watatu hatujakutana bado.

Kinachotutenga ni waya. Mwezi wa sita kamati ya wakazi ilifungua uwanja wa mbwa hapa Diani, ikaukata katikati kwa waya wenye lango dogo: upande mmoja Wadogo na Wapole, upande wa pili Wakubwa na Wakali. Langoni kuna nguzo yenye mstari mwekundu. Mbwa anasimamishwa kando ya nguzo, na Twahir, mlinzi wa uwanja, anampima kwa macho, kwa kuwa yeye hagusi mbwa. Mgongo ukipita mstari, Wakubwa. Tabia ikiwa mbaya, huko huko. Mbwa akihamishwa upande, Twahir anaandika daftarini kwa kalamu ya wino, na kilichoandikwa hakifutwi mpaka kamati ikae mwisho wa mwezi.

Meneja anapita mstari kwa vidole vinne. Pipi, mbwa wa Bi Concepta, anaingia kwenye kikapu cha sokoni na nafasi ya mchicha inabaki. Tangu uwanja ufunguliwe tumesemezana mara moja tu. Bi Concepta alisema, kupitia kwenye waya, kwamba mbwa wangu ni mkubwa. Hii ni wiki ya saba natafuta jibu.

Siku sita zimebaki. Lakini niliongoza kitengo cha usafi wa vyumba hotelini miaka thelathini na minne. Sitashindwa na vidole vinne.

Jumanne, 5 Agosti

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi Meneja atainama!

Asubuhi nzima nimemfundisha uani. Nusu kilo ya maini imekwisha. Nikisema "chini", anashusha mgongo na kubaki amesimama. Nilimwonyesha mimi mwenyewe kwanza. Goti langu lililia, jirani akachungulia dirishani, akafunga pazia.

Saa tisa na nusu tuko langoni. Nikasema "chini". Meneja akalala chali, miguu minne juu, ulimi nje. Twahir akasema yeye hupima mbwa waliosimama, waliokufa hawana mstari wao. Nikamwinua. Kwa furaha ya kuinuliwa, Meneja akamlamba Twahir mguu, kuanzia kisiginoni mpaka kwenye ugoko.

Na alasiri imekaribia! Twahir akaenda bombani kuosha ule mguu mara saba, moja kwa mchanga, kama dini yake inavyomtaka. Nikasimama kando namhesabia, kumsaidia. Tatu. Nne. Akaniomba kwa upole nisimsaidie. Hesabu ilikuwa imempotea. Akaanza upya.

Tukabaki Wakubwa. Huko yuko Elijah, fundi wa mabomba, mwenye mbwa Tinga aliye sawa na ndama. Kila siku Elijah hunisogezea karanga na kuniambia nikae karibu. Mtu wa maneno mengi! Leo amenisimulia sinki la jikoni lililoziba huko Tiwi, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikaa ncha ya benchi, uso wayani. Bi Concepta alikuwa anamimina chai. Anaweka tangawizi, harufu inafika.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Nimempelekea Twahir mche wa sabuni kwa ajili ya mguu. Amepokea kwa adabu, amenishukuru, ameniulizia afya yangu. Nikamwuliza kama mstari unaweza kupandishwa kidogo. Akasema hapana. Sabuni amebaki nayo.

Jioni nimefanya mazoezi. Nimeweka vikombe viwili mezani na Meneja kwenye kiti cha pili. Nikamwambia, Bi Concepta, hujambo, mvua ya leo haina adabu. Ilitoka vizuri. Nikairudia mara nyingi, mara moja kwa kicheko. Kisha nikaosha vikombe vyote viwili. Kile cha pili kilikuwa safi, lakini nilikiosha.

Alhamisi, 7 Agosti

Hakuna jambo. Hakuna aliyesema nami ila muuza maziwa. Aliuliza, moja? Nikasema, moja.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya historia!

Mgongo haushuki na mstari haupandi. Basi ardhi ndiyo ishuke. Wazo lilinijia nikinyoa ndevu, nikajikata.

Ijumaa uwanja hufungwa saa sita mpaka saa tisa, maana Twahir yuko msikitini. Saa saba nikaingia kwa upande wa mikanju na mwiko wa bustani mfukoni. Nikachimba chini ya nguzo, vidole vitano, kimoja cha akiba. Nikatandaza majani makavu juu. Niliona haya kidogo, mtu anaswali na mimi namchimbia. Lakini Jumapili ni keshokutwa.

Saa tisa na nusu. Meneja akasogea nguzoni, akazama. Mgongo chini ya mstari! Twahir akatazama, akasugua macho, akazunguka upande wa pili, akatazama tena. Akasema mstari ni mstari. Akaandika kwa wino: Meneja, Wadogo.

Nikaingia. Kati yangu na benchi la Bi Concepta kulikuwa na hatua kumi na moja, nilishazihesabu zamani kwa macho. Nilikuwa nimefika ya saba, neno la mvua liko mdomoni ingawa jua lilikuwa kali, nikasikia kishindo nyuma yangu.

Tinga! Elijah naye alijaribu bahati yake, kwa mzaha tu. Tinga akazama shimoni, akaonekana mdogo, akaandikwa Wadogo. Akaja mbio kumsalimu Pipi. Na Pipi, kile kimbwa cha kuingia kikapuni, akarukia pua ya Tinga akaing'ang'ania. Tinga akalia kama mtoto aliyechomwa sindano. Twahir akapuliza filimbi. Meneja akajificha nyuma yangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Twahir akaandika kwa wino: Pipi, Wakali. Elijah hakungoja daftari, akarudi mwenyewe alikotoka, mbwa wake anatetemeka. Bi Concepta akachukua chupa ya chai, akamchukua Pipi kwa kamba, akapita lango la kati, akaketi kwenye benchi la Elijah, akaanza kumsafisha Tinga pua kwa leso yake. Muuguzi ni muuguzi.

Twahir aliliona shimo. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia huenda ni panya buku. Akaviangalia viatu vyangu kwa muda, akalifukia.

Kwa hiyo sasa mimi niko Wadogo, na wao wako Wakubwa. Na daftari halifutwi mpaka mwisho wa mwezi.

Jumamosi, 9 Agosti

Upande wa Wadogo hapakuwa na mtu ila kijakazi mmoja aliyeleta vijibwa viwili vya bosi wake, akakaa mbali anaongea na simu. Benchi la Bi Concepta sasa ni langu lote. Nilikaa upande mmoja, nikaacha nafasi.

Ng'ambo walikuwa wanakunywa chai. Elijah anasimulia jambo, mikono hewani, nadhani ni lile sinki la Tiwi. Bi Concepta alicheka mpaka akashika ubavu. Sinki lilelile! Nilipolisikia mimi sikuona cha kucheka.

Twahir akaja wayani baada ya kuswali. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba. Akasema, "Mzee Shem, mstari ule ni wa mbwa. Watu hawakupimwa."

Nikamwambia mimi taratibu nazijua. Akaniuliza ni wapi palipoandikwa kwamba mwenye mbwa wa Wadogo asiende kuketi upande wa pili. Kijana mzuri, lakini utawala hajauelewa. Miaka thelathini na minne nilipita mlango wa nyuma wa hoteli, hata siku walipoagana nami. Keki ilikuwa mapokezi, nami nikaizungukia kwa jikoni, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nipite mbele. Mtu haendi mahali kwa kuwa hapakuandikwa asiende. Anangoja aambiwe.

Twahir akasema, haya mzee, akaenda zake.

Kesho Gillian anakuja. Sijalala vizuri siku mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Gillian amefika, Mungu ni mwema. Amenenepa, amependeza, ameniletea sweta. Sweta! Nikajua chumba kile bado kinaningoja. Meneja alimrukia kwa furaha, naye akamshika kichwa akasema, pole wee. Nilitoka uani kidogo.

Saa kumi tukaenda uwanjani. Tukaketi Wadogo. Akaniuliza Bi Concepta yuko wapi. Nikamwonyesha, ng'ambo ya waya. Akaniuliza mbona basi sisi tumekaa huku. Nikamweleza: mstari, wino, daftari, kamati. Shimo nililiacha. Alinitazama kwa muda mrefu, vile marehemu mama yake alivyokuwa akinitazama.

Kisha akasimama, akapita lango la kati, mikono mitupu, hana mbwa, hana barua. Niliona Bi Concepta akisimama kumpokea. Wakashikana mikono yote miwili. Elijah akasogea, akampisha, akamwekea karanga kiganjani. Dakika mbili, tatu hazikufika! Mimi nimehangaika wiki saba.

Walicheka mara tatu. Bi Concepta akageuka akanipungia mkono. Nami nikampungia. Meneja alikuwa amelala juu ya kiatu changu.

Gillian akaja mpaka wayani. "Baba, njoo tu," alisema. "Kikombe chako kipo, tumeshakumiminia."

Nilitaka kwenda. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: nilitaka sana. Lakini nikamwambia siwezi kumwacha Meneja, na kwamba nikienda kabla ya kamati kukaa nitamletea Twahir matatizo. Twahir alikuwa pale pale langoni, akatikisa kichwa kwamba hapana matatizo. Nikasema, siku nyingine. Gillian akasimama pale kidogo, vidole kwenye waya, kisha akarudi. Chai yangu aliinywa Elijah.

Njiani kwenda stendi aliniambia yote. Bi Concepta ananifahamu vizuri, yule mzee mtaratibu mwenye mbwa mpole. Elijah naye anasema mimi ni rafiki yake, tunakaa benchi moja kila siku. Gillian ameona kwa macho yake kwamba sina upweke. Hana wasiwasi tena. Chumba kile atampa mama mkwe wake, ambaye amechoka kungoja. Akanikumbatia, akasema nibaki na sweta, kusi ikivuma huku pia kuna baridi.

Mpango umefaulu! Sihami. Meneja anabaki. Kila nilichokitaka nimekipata, bila dosari.

Nimerudi, nimekaa kitandani, viatu vikiwa bado miguuni. Nyumba kimya. Niliona upweke, nakiri, nikawasha redio, kulikuwa na matangazo ya vifo, nikaacha iendelee kwa ajili ya sauti.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamka na akili mpya. Jana nililitazama jambo hili kwa huzuni, kumbe ni la kiufundi tu. Meneja ni mpole mno, ndipo tatizo lilipo. Akiwa mkali, kamati itamrudisha Wakubwa kwa wino halali, nami nitaingia kule kama mtu mwenye haki yake. Ana siku ishirini za kujifunza.

Tulianza saa mbili asubuhi. Nikamwonyesha meno yangu. Akatikisa mkia. Nikanguruma. Akaniletea kiatu. Nikabweka, kwa miguu minne, kama nusu saa, goti likilia. Jirani alifungua dirisha akaniuliza kama ninahitaji msaada, au kama ningependa kuingia kwake nipate uji. Nikamwambia ahsante, niko kazini.

Saa nane Twahir amepita hapa kwangu, akielekea uwanjani. Hakuingia kwa sababu ya Meneja, amesimama nje ya uzio. Ametumwa na Bi Concepta. Anasema chai ni saa kumi, leo na kila siku, kikombe changu ameshakinunua, na kwamba nije hivi hivi nilivyo.

Nimeguswa sana. Nimemwomba amfikishie shukrani zangu, na amwambie nitafika kamati ikishakaa.