Jina la Upande Wetu

Jumamosi, 6 Oktoba 1956
Samahani, daftari, tangu mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha, sijakugusa. Nilikuwa na tumbo, na mkwe. Jana nimejifungua mtoto wa kike. Kazuri, kana pua yangu, maskini. Mama mkwe, mji mzima unamwita Bi Kubwa, kashatangaza jina litatoka kwao, kama lilivyotoka la mwanangu wa kwanza, Saud. Ukoo wao anauhesabu mpaka Maskati bila kuvuta pumzi. Wetu, kasema, unaishia kwenye mihogo. Darwesh, mume wangu, shujaa, kasema nikimpata mzee wa kwetu mwenye sifa kabla ya akika ya kumpa mtoto jina, Alhamisi, atafikiri. Haya.

Jumapili, 7 Oktoba
Nimefungwa mkaja tumboni, sivuki kizingiti mpaka arubaini. Ukoo nautafuta kitandani. Nimemtuma kaka yangu Pandu Makunduchi kwa shangazi Mwamvua, aulize bibi zetu walikuwa nani. Aanze na wenye heshima.

Jumanne, 9 Oktoba
Pandu karudi na kikapu cha mihogo. Bi Kubwa kaitazama, kanitazama mimi. Kisha kasema kumbe ukoo umefika.
Habari za shangazi: bibi Borafya aliachwa mara tatu, kwa haki. Bibi Mwanakheri aligombana na kijiji kizima, na mbuzi wao. Lakini bibi yao, Mwanamkasi, alikuwa na minazi yake mwenyewe, na wagomvi wakimwendea awapatanishe. Huyo huyo. Pandu nimemkataza asimwambie mtu, hata Darwesh. Atamnong'oneza mwalimu wa Kurani, atakayelitamka jina siku yenyewe. Nani atapinga mbele ya wageni?

Alhamisi, 11 Oktoba
Nyuma ya pazia tumemsikia mwalimu akitamka: Mwanamkasi. Bi Kubwa kaangua kilio, kanikumbatia mpaka mkaja ukalegea.
Kumbe ndilo jina lake mwenyewe. Miaka yote ya ndoa namwita mama. Mkwe huulizwa jina?
Wageni wamenisifu, eti wake kama mimi wamekwisha. Darwesh kauliza mbona sikumwuliza yeye. Nimemwambia alete uji.

Ijumaa, 12 Oktoba
Bi Kubwa kahamishia godoro chumbani kwangu. Somo yake wa jina, kasema, hakaripiwi. Nimejibu kwa adabu kwamba hakaripiwi, lakini kumwogesha nnamwogesha mimi. Godoro halikutoka.
Sasa najiuliza: mtu wa Maskati jina la kwetu kama hilo kalitoa wapi? Nshamwandikia shangazi. Pandu anapeleka, na Darwesh asijue. Shangazi aniletee: jina la mama yake Bi Kubwa na kijiji alichozaliwa, nani aliyemwoza mjini, na shahidi mmoja mwenye meno.
Na mihogo. Ile ya mwanzo Bi Kubwa kaimaliza.