Haki Iliyoingia Bwenini kwa Makosa

Umma wa bweni letu unatangaziwa kwamba demokrasia imewasili, na aliyeileta ni mimi, Kiranja wa Bweni na Mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi.

Mwaka jana nilishinda kwa kura chini ya nusu. Wengi wasionitaka waligawanyika kati ya wapinzani wangu wawili, tuliowabandika majina ya Twiga na Miwani, nami nikapita katikati kama mwungwana. Nikatawala kwa hekima. Nilianzisha Kibali cha Kucheka baada ya taa kuzimwa, mwombaji aeleze kichekesho chake mapema. Kwa kazi hiyo nilistahili kubaki katika chumba cha kiranja, chenye mlango na kitanda cha peke yako.

Mwaka huu Twiga na Miwani wakaanza kunong'onezana, mmoja amwachie mwenzake. Nikaivunja njama kisheria: kila mtu awapange wagombea, wa kwanza hadi wa tatu. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mwisho anatoka, na kura zake zinakwenda kwa chaguo la pili la waliompigia. Hesabu yangu ilikuwa safi. Fahali wawili hawakai zizi moja. Watu wa Miwani wangekufa kabla ya kumpa Twiga. Wa pili wao ningekuwa mimi.

Nilifundisha kitanda kwa kitanda. Pangeni kwa ukweli, niliwaambia, kura haipotei hata mtu wako akianguka. Binamu yangu akauliza kama ndugu anaweza kuwekwa wa mwisho. Nikamsifu kwa swali zuri.

Tukahesabu mbele ya wote. Mimi kumi na nane, Twiga kumi na mbili, Miwani kumi. Nikakohoa, tayari kwa hotuba. Kisha kura za Miwani zikahamishwa: Twiga, Twiga, Twiga, zote kumi, hakuna hata moja iliyopotea njia.

Nikamtazama binamu.

"Usinikazie macho, kaka," akasema. "Ulisema tupange kwa ukweli."

"Lakini ukweli una mipaka."

"Hukufundisha hiyo."

Nikakata rufaa papo hapo. Tume, yaani mimi, ilinisikiliza kwa heshima zote, ikaona kwamba wapiga kura walielewa mno, na kuelewa si kosa la uchaguzi. Rufaa ikatupwa, na mrufani akaamriwa abebe godoro lake mwenyewe.