Opicho Alipokatazwa Kuuliza

Opicho wa mtaa wa Huruma alitiwa ndani kwa kosa analoliita dogo: kumuuzia mtu kipande cha sabuni ndani ya kisanduku cha simu mpya. Wengine wakifungiwa seli huomba maji. Yeye alitazama kwenye kona akamwona Mzee Wandera, mshukiwa wa mazulia yaliyoibwa kwenye stoo moja ya Eastleigh, ambaye polisi walikuwa wamemhoji mpaka wakachoka wao. Opicho akanusa biashara.

"Afande," akamwita Inspekta Kitonga, "huyo mzae hatawaambia kitu. Niachieni mimi. Mimi nilimfanya kinyozi anilipe ndio anikate nywele."

Kitonga alimtoa hadi ofisini, akafunga mlango. Alikuwa ametoka semina juzi, na afisa aliyetoka semina huwa na mambo mengi.

"Sikiza. Mzee ana haki ya kunyamaza. Nikikutuma umhoji, ni kama nimemhoji mimi kwa mlango wa nyuma, na hakimu ataukataa ushahidi wote. Kwa hivyo wewe ni masikio tu. Akisema mwenyewe, sawa. Swali, hapana."

"Hata kumuuliza kama amekula?"

"Hata hilo."

"Na nikileta habari ya mazulia?"

"Ya sabuni tutasahau. Kesho unalala kwako."

Kumkataza Opicho kuuliza ni kama kumkataza kuku kuchakura. Lakini hakutaka kwenda jela, na kesho kulikuwa na korti.

Akarudi seli akaketi karibu na mzee.

"Jua la leo ni kali, mzae."

"Mm," akasema Wandera.

"Wengine hapa mtaani wana stoo zao, wanaweka vitu."

"Mm."

"Zulia likikaa vibaya linaingia panya. Nasema tu."

"Mm."

Opicho akakuna kichwa. Ndipo akakumbuka kwamba hadithi huvuta hadithi: mpe mtu yako, naye atatoa yake. Sheria ilikataza maswali. Majigambo haikuyagusa, wala haikudhani kuna mtu mpumbavu kiasi hicho.

Akaanza na ya sabuni. Mzee akatabasamu. Akaja na ya kinyozi, mzee akacheka. Basi Opicho akafungua ghala lote. Akasimulia alivyojiita Landlord Kizito na kukodisha nyumba moja ya Kayole, kwa simu tu, kwa familia nyingi, hadi zikakutana kwenye ngazi zikiwa na magodoro kichwani. Wandera alicheka mpaka akashika ukuta. Maskini Opicho alifurahi kweli kweli. Tapeli hana wa kumsifu. Kazi yake nzuri zaidi ndiyo asiyoweza kumwambia mtu, na upweke huo ulikuwa umemkaa moyoni muda mrefu.

"Na laini za simu za Kizito," akanong'ona, "ziko kwa shangazi Nasambu, ndani ya kopo la majani chai. Na shangazi hanywi chai!"

Wandera akapangusa machozi, akasimama, akagonga mlango.

"Afande! Mnamtafuta Landlord Kizito?"

Kabla ya chakula cha jioni kopo lilikuwa mezani kwa Kitonga. Inspekta, ambaye kuhusu mazulia hakuwa na ushahidi hata wa uzi mmoja, akamwachilia mzee kwa bondi na shukrani.

"Haikubaliwi!" Opicho akalia, ameshika vyuma. "Mshukiwa ana haki! Huyo ni mtu wako, afande!"

"Mtu wangu ulikuwa wewe. Huyu nilimtuma lini?"

"Sijatumwa na mtu," akasema Wandera, akifunga kamba za viatu.

"Na alikuuliza swali gani?" akasema Kitonga.

Opicho akatafuta. Akatafuta tena. Hakuna.

Mzee akaondoka polepole kuelekea Eastleigh, na mazulia hayajaonekana hadi leo. Mlango ukafunguliwa tena, akasukumwa ndani mshukiwa mwingine, kijana mchangamfu.

"Niaje, buda! Wewe wamekushikia nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, Opicho alikuwa na jibu zuri na hakulitoa.