Mgongo wa Gede Pasek

Jumatatu, 4 Agosti
Mzee Rimpen, kiongozi wetu wa kecak, ngoma ya wanaume ya kuimba kwa sauti tupu, anastaafu! Ijumaa anachagua atakayeongoza sauti badala yake: kusimama katikati ya duara, kifua wazi, kijiji kizima kikitazama. Ni mimi au Gede Pasek. Sauti yake, nakiri kwa uchungu, ni nzuri. Lakini leo mazoezini nimeona mgongo wake. Mabaka meupe! Fangasi, naapa. Nimewatangazia wote kwamba huambukiza, na mwenye nao akae nje ya duara. Mzee Rimpen kakubali.

Jumanne, 5 Agosti
Ushahidi unatakiwa. Muuza dawa kaniambia fangasi wengine wakimulikwa kwa taa ya zambarau hung'aa manjano. Bu Komang wa dukani anayo, ya kukagua noti bandia. Ajabu! Noti na ngozi, taa moja! Nimeiazima. Mke wangu Luh Sari kauliza kwa nini nisijimulike mwenyewe kwanza. Wanawake!

Jumatano, 6 Agosti
Tukazima taa ukumbini. Nikammulika Gede. Giza tupu. Kumbe ni makovu ya mafuta ya moto yaliyommwagikia enzi zake za kukaanga ndizi. Akaniomba taa kwa upole, akasema haya, Bli Nengah, kaka yangu, geuka na wewe tukuone. Nikageuka. Vicheko! Mgongo wangu uling'aa manjano kuanzia shingoni hadi kiunoni. Nikatolewa kwenye duara, nikakaa penye ndala za watu. Luh Sari kasema mkuki kwa nguruwe mtamu.

Alhamisi, 7 Agosti
Kliniki. Daktari kanikwangua mgongo, unga mweupe ukadondoka, akauweka chini ya hadubini. Nikaomba kuchungulia. Jamani! Vijiuzi na viduara, bakuli zima la mi na bakso, tambi na vidonge vya nyama! Kasema ndivyo anavyowatambua. Nikachungulia tena na tena hadi akanisukuma. Kanipa dawa ya kupaka. Kisha kasema fangasi hawa hawaambukizi, ni jasho na mafuta ya ngozi tu. Nikakimbia kwa Mzee Rimpen! Akauliza amwamini nani, Nengah wa Jumatatu au Nengah wa leo.

Ijumaa, 8 Agosti
Gede kachaguliwa. Imeniuma, karibu nilie. Nimetazama yote nikiwa penye ndala. Ila aliyekaa chini huona mengi: ukucha wa kidole gumba cha mguu wa Gede ni mnene, wa manjano! Fangasi wa kucha sasa ndio wanaoambukiza, sina shaka kabisa. Kesho natangaza: mwenye fangasi wa miguu asikanyage ukumbini. Miguu yangu haina neno, nimeivalisha soksi. Inawasha kidogo, lakini hilo ni joto tu.