Dang'a ya Mgeni wa Perusi

Leo nimeadhirika, jamani. Tena nikiwa nimevaa kitenge kipya.

Mnamjua mjukuu wangu Perusi. (Kama hamumjui, hamjawahi kupita Msalato; kila anayepita namsimulia.) Anafanya kazi maabara, pale mjini. Anachunguza maziwa. Aliwahi kunieleza: ndani ya maziwa kuna protini, na protini hizo zimeota visukari kama mti ulivyoota matawi. Mashine ya kuyasoma hayo matawi hapa haipo. Iko Ulaya, kwenye maabara ya mama mmoja anayetaka kushirikiana naye. Sisi tuna ng'ombe, wao wana mashine. Leo mama huyo alikuwa anakuja kuchukua dang'a, maziwa ya kwanza kabisa ya ng'ombe aliyezaa, kabla ndama hajanyonya. Akiipata, kazi ya Perusi inaendelea. Akiikosa, anatafuta mtu mwingine.

Na ng'ombe wangu Mabaka, Mungu ampe majani, akazaa alfajiri ya leo!

Perusi akakamua, akatia kwenye kidumu, akakiweka ndani ya beseni la maji ya mtungini.

"Bibi, naenda mjini kumpokea mgeni na kununua barafu. Nitunzie hii dang'a."

"Nenda zako. Nimetunza maziwa kabla mama yako hajaota meno."

Nikabaki nakitazama kidumu. Jua likapanda. Nikawaza: mtu atoke Ulaya, halafu nimpe dang'a mbichi? Kwetu mbichi ni ya ndama. Mgeni anapikiwa, moto mdogo, mpaka igande. Asipopikiwa atakwenda kusema nyumba hii ina uchoyo, na aibu itamwangukia nani? Perusi. (Hapo nilijiona nina akili kuliko maabara zote mbili.)

Nikapika. Nikatia na sukari. Zamani tuliipangia foleni, siku hizi imejaa madukani, nimnyime kwa nini?

Wakafika. Mgeni akapiga goti kidogo: "Mbukwenyi, Bibi!" Perusi kamfundisha salamu ya Kigogo! Moyo ukanivimba. Nikamnawisha, nikampa sahani. Akala. Akaomba tena! Perusi yuko nje, anapanga barafu kwenye boksi huku anaimba.

Akaingia. "Bibi, kidumu kiko wapi?"

"Nimeshakiosha."

"Umekiosha? Na dang'a?"

Nikamwonyesha sahani ya mgeni, kwa mdomo.

Perusi akamweleza mwenzake kwa Kiingereza. Kijiko kikarudi sahanini polepole.

Jirani yangu Mama Zuhura, aliyekuja kuazima ungo akaganda mlangoni kumtazama Mzungu, akapiga kofi: "Mama weee! Kala alichokifuata!"

"Bibi," Perusi akasema, "ukipika, protini zinagandana. Matawi hayasomeki tena. Nimemngoja Mabaka kiangazi kizima."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningepata pa kujitetea. Nikamwona tena mtoto yule niliyembeba mgongoni, anajikaza asilie mbele ya watu. Mimi nilikuwa namlinda na aibu, kumbe aibu yenyewe nilikuwa naikoroga kwa mwiko.

Mgeni akauliza kitu. Perusi akatafsiri: "Ndama amenyonya chuchu zote?"

"Kanyonya chuchu mbili. Mbili bado zimejaa."

"Si sawa na ile ya kwanza," Perusi akasema. "Lakini twende."

Saa hiyo Mabaka kashamzoea ndama wake, haguswi tena na mtu ila mimi. Wakanivika glavu. Wakaniziba mdomo kwa kitambaa. (Mama Zuhura kaegemea ua, ungo kausahau.) Mabaka akanusa mpira wa glavu, akaona huyu si bibi ninayemjua, akatupa teke! Nikakaa chini puu, penye samadi. Kitenge kipya!

"Nivue haya madude?"

"Hapana, Bibi. Mwimbie."

Basi nikaimba, mdomo umezibwa, mbele ya Ulaya nzima na Mama Zuhura. Mabaka akatulia. Vichupa vikajaa, vikaingia kwenye barafu.

Mgeni kaondoka navyo. Kasema watapima kwanza, kisha watajibu. Perusi hajui kama vitafaa, na mimi sithubutu kuuliza. Jioni hii kaja jikoni, kakaa kwenye kigoda, kakwangua ukoko wa dang'a sufuriani.

"Imeiva vizuri, Bibi," akasema. Basi.

Anayetaka kucheka asubiri jibu la Ulaya. Leo niacheni, bado nafua kitenge.